Mfyekaji na Ua la Mteremkoni

Mtu akifanya kazi moja miaka kumi na tisa, kazi humpa jina, atake asitake. Huyu walimwita Fyeka. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki kwa ajili ya mshahara na matanga. Nyumbani, kazini na njiani alikuwa Fyeka tu, na watoto wa mtaani walipomwambia "Shikamoo, Mzee Fyeka," aliitikia marahaba wala asione kasoro yoyote.

Kazi yenyewe ilikuwa kufyeka nyasi za manispaa. Fyekeo la bapa lililopinda mwishoni, tupa ya kunolea mfukoni, chupa ya maji kiunoni, basi. Alianzia kwenye uzio wa zahanati, akashuka na mitaro ya barabara kuu, na kumalizia kwenye mteremko ulio juu ya barabara ya tangi la maji. Akifika mwisho, nyasi za mwanzo zimeshaota, anaanza upya. Kila mwezi. Wengine wangeona ni adhabu. Yeye aliona ni ajira, na kwenye mteremko ule palikuwa na upepo mzuri.

Ila palikuwa na mmea mmoja uliomkera. Majani yake yalilala chini duara, yamebana udongo, fyekeo likapita juu bila kuyagusa. Katikati kilisimama kikonyo kimoja kigumu chenye kitumba kichwani. Ukikata leo, mwezi ujao kimerudi. Ukikata tena, kinarudi tena. Fyeka akaupa jina: Mkaidi. "Leo nimemkata Mkaidi mara ya mia mbili," alimwambia mkewe siku moja, na mkewe, fundi cherehani, akamjibu bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Usingekutana na mmea huo, jina la Mkaidi ungenipa mimi."

Mwaka wa kumi na tisa Fyeka aliteleza mtaroni akavunjika mkono. Akafungwa plasta, akakaa nyumbani miezi mitatu. Manispaa haikutafuta mtu wa kushika fyekeo badala yake. Msishangae, ofisi mnazijua. Mteremko ukakaa bila kuguswa tangu mvua za kwanza.

Siku aliyorudi kazini alimkuta mwanamke amepiga magoti kule juu, matope mpaka kiunoni, kichwa karibu kigonge ardhi. Fyeka akadhani mtoto wa watu amepoteza pete ya ndoa.

"Dada, umeangusha nini?"

"Usisogee!" Mwanamke aliliona fyekeo, akarusha mikono. "Liweke chini hilo, mzee wangu. Tafadhali, liweke chini."

Ebo! Fyeka aliliweka. Hakuwahi kuombwa hivyo maishani. Mwanamke akajieleza: yeye ni mtaalamu wa mimea, anafanya kazi kwenye ghala la mimea mikavu la chuo, alikuwa anapita ndani ya gari akaona njano iliyomfanya apige kelele dereva asimame. Kwa umri alilingana na mtoto wa kwanza wa Fyeka. Baadaye wafyekaji wote walimwita Dokta Majani, na yeye hakukataa.

"Njoo uone," alisema. "Ila piga magoti."

"Mtaka cha mvunguni," Fyeka alisema, na magoti yake yakalia kama mlango mbovu.

Alikuwa Mkaidi. Lakini Mkaidi amechanua! Miaka yote ile Fyeka hakuwahi kuliona ua lake. Lilikuwa la njano, pana kama kifuniko cha chupa kubwa, moja tu juu ya kila kikonyo.

"Mchunga huu, ile mboga chungu," Fyeka alisema.

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mchunga huu hapa pembeni, vunja jani." Akavunja, maziwa meupe yakamchirizika kidoleni. "Sasa vunja la huyu." Akavunja. Pakavu. "Wote wa ukoo mmoja, wote wa njano, lakini mchunga una maziwa, huu hauna. Geuza jani." Chini lilikuwa jeupe, limefunikwa nyuzi laini, ukisugua zinakung'ang'ania vidoleni kama pamba. "Nusa." Lilinuka kama dawa ya kuchua misuli. Hiyo harufu Fyeka aliijua. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ikibaki kwenye chuma chake, akidhani ni ya nyasi.

Dokta akamtolea kioo cha kukuzia. Kumbe unaloliita ua si ua moja. Ni vijiua mia na zaidi vilivyosongamana kwenye sinia moja, na kila kimoja kina mbegu yake.

"Wamekuwa mashemeji zangu hawa," Fyeka alisema. "Ualike mmoja, waje mia."

Dokta alicheka, kisha uso ukabadilika. Mmea huu, alisema, mara ya mwisho ulichumwa miaka arobaini na mmoja iliyopita, yeye hajazaliwa. Umetafutwa kila mahali haukuonekana tena. Hapa amehesabu mashina thelathini na matatu. Hauishi mwaka mmoja ukafa kama mahindi. Una mzizi mnene kama kidole gumba unaoshuka chini sana, na mashina haya huenda yana umri wa miaka thelathini. Shida ni moja. "Yote ni mazee. Hakuna hata kichanga kimoja. Kuna kitu kinakata vichwa kabla mbegu hazijakomaa, mwaka baada ya mwaka. Mbuzi, nadhani."

Angeweza kunyamaza. Mbuzi hawana mdomo wa kujitetea. Lakini Fyeka hakuwa mtu wa kusingizia hata mnyama.

"Hapa hapapiti mbuzi," alisema. "Mbuzi ni mimi."

Siku ile alirudi nyumbani akakataa chakula. Mkewe akasimamisha cherehani.

"Wamekufukuza?"

"Afadhali wangenifukuza. Nimeua, mama watoto."

Mkasi ukaanguka. "Umeua nani?"

"Maua."

"Toba! Roho imeniruka kwa ajili ya maua?" Alitaka kumcheka, ila alipomtazama vizuri aliona mumewe hafanyi mzaha. Akaokota mkasi, akavuta kiti, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

Mambo yakaenda mbio. Dokta aliandika ripoti, ripoti ikapanda juu kwa wakubwa, na wakubwa wakaamuru uzio. Waya ukazungushwa mteremko wote, lango likatiwa kufuli, kikatundikwa kibao chekundu: NI MARUFUKU KUKATA AU KUNG'OA MMEA WOWOTE. Nyapara wa wafyekaji, mtu wa sauti kubwa na viatu visafi, alimkabidhi Fyeka ufunguo mbele ya wenzake. "Wewe ndiye uliyemaliza, wewe ndiye utakayelinda." Wenzake wakacheka. Fyeka hakucheka, kwa sababu aliona ni haki.

Naye akaomba mbegu. Dokta alizikusanya maua yalipogeuka pamba, lakini alichukua kidogo tu, nyingine akaacha upepo uzimwage palepale. Akampa Fyeka arobaini kwenye bahasha. Kwanza akamfundisha kuzibana baina ya kucha: iliyojaa inakaza, tupu inakunjika. Kumi na nane zilikuwa mapepe. Zilizobaki Fyeka alizifukia kama anavyofukia maharage, shimo na udongo juu. Hazikuota hata moja. Akaomba tena, safari hii Dokta akampa ishirini na nne, zote zilizojaa, akamwonya kwamba hizi zinataka mwanga. Akazitawanya juu ya udongo, akazikandamiza kwa kiganja, akazinyunyizia maji kwa vidole. Siku ya kumi na mbili zikachomoza tisa.

Loo, furaha ile! Na kwa furaha akafanya kosa la mzazi mwenye pupa: akazihamishia kwenye udongo mweusi wenye samadi, akamwagilia asubuhi na jioni. Zikanenepa, zikang'aa, kisha zikaoza shingoni, moja baada ya nyingine. Mmea wa mteremkoni haujui kubembelezwa. Zilibaki mbili. Hizo alizitia kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, yamejaa changarawe na udongo mkavu wa palepale mteremkoni, akayaweka ukutani nje ya chumba cha kushonea. Akaweka na sheria kama ya kibao: mtu asiguse.

Makopo mawili, udongo mmoja, jua moja. Mvua ziliporudi, nyasi zikaota kwenye yote mawili. Baada ya miezi miwili kopo la kulia lilikuwa na majani manane mapana yamelala vizuri. La kushoto lilikuwa na majani matatu ya njano yaliyonyoosha shingo ndani ya kichaka cha nyasi.

Fyeka aliyatazama wiki nzima. "Mama watoto, hili la kulia umelifanya nini?"

Fundi cherehani akakwepa macho. "Usinigombeze. Nikikaa hapa kupumzisha mgongo, zile nyasi zinaniudhi. Nilizinyoa kidogo kwa mkasi. Kila wiki. Hilo la kushoto silifikii bila kuinuka."

Fyeka hakugomba. Alichukua ufunguo akaenda mteremkoni kwa miguu, haraka, kwa umri wake.

Kule nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Msimu mzima hakuna aliyezigusa, si ndiyo amri? Alizitenganisha kwa mikono akatafuta mashina ya Mkaidi. Mwaka jana thelathini na matatu. Sasa alipata ishirini na moja, yamepauka, hakuna hata moja lenye kikonyo. Baada ya wiki tatu akahesabu tena. Kumi na manne.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akikifanya miaka kumi na tisa. Ni kweli alikuwa amekata vichwa vyote, asipate Mkaidi hata mtoto mmoja. Lakini pia alikuwa amekata kila nyasi iliyotaka kumfunika. Kosa halikuwa fyekeo. Kosa lilikuwa tarehe.

Alimpigia Dokta simu, akamweleza habari ya makopo. Dokta alisikiliza kwa adabu. "Mzee, nakuelewa. Lakini utaratibu unasema mmea adimu kiasi hiki hauguswi bila kibali. Kamati itakaa baada ya miezi minne."

"Baada ya miezi minne mtakalia nini? Yamebaki kumi na manne, mwanangu."

"Na ukifyeka yakafa yote? Nitamwambia nani nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu, na Fyeka hakumlaumu. Jina la Dokta ndilo lililokuwa kwenye ripoti. "Naomba usiguse. Niahidi."

Fyeka hakuahidi. Alisema "Nimekusikia," ambalo ni jambo jingine.

Ilibaki miezi saba astaafu. Akifukuzwa kwa kuvunja amri, kiinua mgongo ndiyo basi tena, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alikaa na wazo lile siku tatu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, jua likiwaka na watu wakipita barabarani, alifungua kufuli kwa ufunguo aliopewa wa kulindia, akaingia na fyekeo na reki.

Hakufyeka kama zamani. Zamani alikata mpaka chini kabisa. Sasa aliacha shubiri moja kutoka ardhini, na penye Mkaidi akaweka fyekeo chini, akanyoa pembeni kwa mkasi wa mkewe. Nyasi zote alizikokota kwa reki, akazifunga mizigo saba, akazitupa nje ya uzio ili zisifunike kitu. Wapita njia walisimama.

"Mzee Fyeka! Unafyeka ulichowekwa kulinda?"

"Ndivyo ninavyolinda!"

"Amepatwa na jua huyu," mmoja alisema. Kufika saa saba mteremko ulikuwa mweupe, na Nyapara alikuwa langoni anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Barua ikaandikwa siku hiyohiyo: amesimamishwa kazi bila mshahara mpaka shauri lake lisikilizwe, arudishe ufunguo, asikanyage mteremkoni.

Barua haikumuuma sana. Kilichomuuma ni Dokta, aliyefika jioni, akasimama nje ya uzio, akaangalia visiki vya nyasi na yale majani machache ya njano yaliyobaki wazi juani. Hakupaza sauti.

"Nilikuamini, mzee."

"Nipe mvua mbili," Fyeka alisema. Dokta alipanda gari akaondoka bila kuaga.

Nyumbani mkewe aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza ya cherehani uliokuwa mfupi. "Kama umekosea, tutakula cherehani. Kama hukukosea, tutakula cherehani vilevile mpaka waje. Shika hizi pini."

Akashika pini. Wiki saba Fyeka alishika pini, akapiga pasi, akang'oa nyuzi za mishono iliyokosewa. Wateja walimtania kwamba amebadili fyekeo kwa sindano. Alicheka nao. Ila mvua ya kwanza iliponyesha aliinuka akasimama mlangoni mpaka ikaisha, na ya pili vilevile, na chumba kizima wakajua yuko wapi kwa mawazo. Kwenda kuangalia hakuweza. Aliambiwa asikanyage, na safari hii alitii, kwa kuwa aliogopa atakachokiona. Aliogopa hasa. Usiku mmoja alimwambia mkewe kwamba kama amekosea, basi yeye ndiye atakayekuwa amemaliza kitu ambacho Mungu alikiweka mahali pamoja tu, na hakuna msamaha wa namna hiyo.

Wiki ya nane, asubuhi, ikapigwa hodi. Alikuwa Dokta, magoti yamejaa matope. Fyeka akaliweka chini gauni la watu alilokuwa amelishika.

"Yamebaki mangapi?"

"Kumi na manne. Yote mazima. Kumi na moja yana maua."

"Na?"

"Na vichanga." Dokta alikaa bila kukaribishwa. "Zile mbegu za mwaka ule, zilizomwagika. Zilikuwa zinangoja mwanga. Nimehesabu mpaka sitini na nane nikashindwa, sikuwa naona vizuri. Nisamehe, baba."

Fyeka alikaa kwenye kizingiti akalia, mzee mzima, mabega yakimtikisika, na mkewe akajifanya anatafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Dokta alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Nyapara na picha. Sasa Nyapara ni mtu ambaye akiambiwa jambo ni zuri hulifanya papo hapo na mara tatu. Kesho yake Fyeka alipokwenda mteremkoni kuviona vichanga, alikuta lango liko wazi na wafyekaji sita wamejipanga ndani, wamevaa mabuti, mafyekeo mabegani.

"Haya, mzee!" Nyapara alimpokea kwa shangwe. "Dawa tumeijua! Tunamfyekea Mkaidi wako mpaka afurahi."

Fyeka alikimbia. Alipita chini ya mikono yao akasimama mbele ya safu, mikono ameinyoosha kama anazuia ng'ombe.

"Mtu asiinue chuma! Hamwoni vichwa bado vya njano? Mbegu hazijakomaa. Mkikata leo mmekata watoto wote. Subirini ua ligeuke pamba, upepo uichukue, ndipo mfyeke."

"Lini?"

"Wiki tatu. Nitawaambia mimi."

"Wewe? Si bado umesimamishwa kazi?"

"Basi tusimame wote."

Wafyekaji wakaangua kicheko, na Nyapara akachelewa kidogo, akacheka naye. Alisema barua ya kumrudisha ataisaini leo, lakini ole wake wiki tatu zikiwa nne. Mmoja wa wale sita, jamaa mkubwa kuliko wote, hakuwa anacheka. Alikuwa ameinua mguu mmoja hewani, anatazama chini.

"Mzee," alisema polepole, "hivi vidogo hapa ndivyo?"

Ndivyo. Vilikuwa vimetapakaa kila mahali, havikuzidi kifungo cha shati, majani mawilimawili yenye weupe kwa chini. Kisha wanaume sita wenye mabuti wakaanza kutoka mmojammoja, kwa ncha za vidole, kila mtu akikanyaga palepale alipokanyaga aliyemtangulia, Nyapara akiwa wa mwisho na viatu vyake mkononi.

Fyeka alibaki ndani. Alitembeza macho kwenye njia waliyoingilia akaona vinne vimelazwa na mabuti. Akapiga magoti, akatoboa udongo kwa kidole, akaanza kuvisimamisha kimoja kimoja, akivikandamiza pembeni taratibu maana udongo ulikuwa bado na maji.